Damu, Kuvu na Ini: Mhadhara juu ya Vipimo vya Damu katika Kuitambua na Kuifuatilia Saratani

Vipimo vya damu vinavyohusiana na saratani hujibu maswali matatu yasiyofanana: kama mtu yumo katika hatari ya kuugua saratani siku zijazo, kama saratani tayari imo mwilini mwake, na kama saratani iliyokwisha kujulikana inapungua kwa dawa, imetulia au imeanza kurudi. Maswali hayo huulizwa kwa sindano ileile na kwenye mkono uleule, na pengine ndiyo sababu huchanganywa mara kwa mara, hata mgonjwa aliyepimwa jambo la tatu akadhani amepimwa la pili, na mtu mwenye afya yake aliyepimwa la pili akarudi nyumbani akiamini kwamba ameondolewa kila shaka. Mhadhara huu unayatenganisha maswali hayo kwa kuangalia zaidi saratani moja, ile ya ini, katika eneo moja, Ukambani nchini Kenya, na hasa vilima vya Iveti vya Machakos na miteremko yake ambamo Kathiani, Mitaboni na Kaewa zimo. Hoja yake ni kwamba katika eneo hilo swali la kwanza ndilo lenye faida kubwa kuliko yote, ijapokuwa kipimo chake ni cha bei rahisi na hakina sifa, na kwamba swali la pili, ambalo magazeti hulipenda zaidi, thamani yake hutegemea mambo yaliyo nje kabisa ya maabara.

Damu inapofika maabara huwa imetiwa katika kichupa chenye kifuniko cha rangi, na rangi hiyo si ya urembo: kifuniko cha zambarau huashiria kwamba ndani mna kemikali iitwayo EDTA inayoizuia damu isigande, ilhali chekundu huashiria kwamba damu imeachwa igande. Kichupa huingizwa katika mashine ya kuzungushia, ambayo kwa kasi yake huzisukuma chini chembe nyekundu zilizo nzito, na juu hubaki majimaji ya manjano hafifu ambayo huitwa plazima yakitoka katika damu isiyoganda, au seramu yakitoka katika damu iliyoganda. Ni katika majimaji hayo ndimo hutafutwa karibu kila kitu kitakachotajwa hapa: protini zinazomwagwa na uvimbe, ganda la virusi, alama za sumu iliyoliwa miezi iliyopita, na vipande vifupi vya DNA, yaani kemikali inayobeba maagizo ya urithi, vinavyoachwa na seli zinapokufa.

Jina la Machakos liliingia katika maandishi ya tiba ya ini kwa njia ya huzuni. Mwaka 1981 watu 20 katika wilaya ya Machakos ya wakati huo, ambayo ilijumuisha pia Makueni ya leo, waliugua homa kali ya ini, na 12 kati yao wakafa. Taarifa iliyotolewa mwaka uliofuata katika jarida la Lancet ilionyesha kwamba walichokuwa wamekula ni mahindi yaliyoota kuvu. Sumu yenyewe ni aflatoksini, mojawapo ya zile ziitwazo sumukuvu, na hutengenezwa hasa na kuvu aina ya Aspergillus flavus, ambaye hustawi pale mahindi yanapopata kiu yakiwa bado shambani na kisha kuhifadhiwa kabla hayajakauka vizuri. Mwaka 2004 balaa lilirudi kwa ukubwa zaidi: kati ya Januari na Julai waliorodheshwa wagonjwa 317, na 125 wakafa, wengi wao wakiwa wa Makueni na Kitui, na wengine wa Machakos na Thika. Mvua ilikuwa imenyesha nje ya msimu wakati wa kuvuna, na kwa kuwa chakula kilikuwa haba, kaya nyingi ziliyaingiza mahindi mabichi ndani ya nyumba za kulala, mahali penye joto na pasipopita hewa, badala ya kuyaacha ghalani yakaibwe. Sampuli 350 za mahindi na unga zilipochukuliwa katika masoko ya eneo hilo, asilimia 55 zilipita kipimo cha sehemu 20 katika bilioni, ambacho ndicho kilichokuwa kikomo cha kisheria nchini wakati huo.

Uchunguzi wa mwaka 2004 una umuhimu wa pekee kwa mada hii kwa sababu damu ilishirikishwa kama shahidi. Wagonjwa 40 walilinganishwa na watu 80 wasiougua wa vijiji hivyohivyo, na pamoja na kuulizwa walivyoyahifadhi mahindi yao, walitolewa damu ili ipimwe kiasi cha aflatoksini iliyonata kwenye albumini, ambayo ndiyo protini iliyo nyingi kuliko zote katika plazima. Utaratibu wake unafaa kuelezwa. Sumu inapofika kwenye ini, vimeng'enya vya ini lenyewe, katika jitihada za kuiondoa, huigeuza kuwa kitu kikali zaidi kinachoshika chochote kilicho karibu. Sehemu yake hushika albumini na nyingine hushika DNA. Albumini iliyoshikwa huzunguka katika damu kwa wiki kadhaa kabla ya kuvunjwa, kwa hiyo seramu ya leo huonyesha kilichokuwa sufuriani katika miezi miwili au mitatu iliyopita, tofauti na kipimo cha mahindi chenyewe ambacho husema tu habari za gunia lililofunguliwa. Waliougua walikutwa na kiasi kikubwa zaidi cha alama hiyo, na jambo la pili lililojitokeza ni kwamba walikuwa pia na uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa na virusi vya homa ya ini aina ya B, jambo ambalo litarudiwa baada ya muda mfupi kwa sababu ndilo kiini cha suala zima.

Vifo vya ghafla huonekana na kuhesabiwa, lakini sumu inayoliwa kidogo kidogo kwa miaka haileti manjano ya macho wala kuvimba tumbo hadi saratani itakapokuwa imekwisha kukua. Namna pekee ya kujua ni nani anayeila ni kumpima mtu mwenyewe, na Kenya ilipata nafasi ya kufanya hivyo karibu kwa bahati. Mwaka 2007 serikali ilifanya uchunguzi wa kitaifa wa viashiria vya UKIMWI, uliojulikana kwa kifupi kama KAIS, na seramu zilizobaki zikahifadhiwa. Baadaye 600 kati yake zilipimwa aflatoksini. Asilimia 78 zilikuwa nayo. Mkoa wa Mashariki wa wakati huo, ambao Machakos ilikuwa ndani yake, uliongoza kwa kiwango cha kati cha pikogramu 7.87 kwa kila miligramu ya albumini, ukifuatwa na Pwani yenye 3.70, wakati Bonde la Ufa lilikuwa na 0.70 tu. Ifahamike kwamba 2007 haukuwa mwaka wa balaa lolote la sumukuvu. Tarakimu hizo ni za maisha ya kawaida, za watu waliokuwa wakila isyo ya mahindi na ugali kama siku zote bila kulalamikia tumbo.

Uhusiano wa chakula hicho na saratani ya ini haukugunduliwa mbali. Watafiti wawili, Peers na Linsell, ambao wa pili wao alikuwa katika kituo cha Nairobi cha Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, walikwenda Murang'a, ng'ambo ya Thika, wakaigawa wilaya kwa kimo chake, wakakusanya chakula kilichopikwa kutoka katika nyumba za watu, na mwaka 1973 wakatoa matokeo yaliyoonyesha kwamba kadiri mteremko ulivyoshuka kuelekea kwenye joto ndivyo aflatoksini ilivyozidi katika chakula, na ndivyo saratani ya ini ilivyozidi miongoni mwa wakazi. Hawakuwa na kipimo cha damu. Hicho kilikuja katika miaka ya 1980. Walichokuwa nacho ni sufuria za watu na subira, na kazi yao ingali inatajwa duniani kote kila inapoandikwa historia ya sumu hii.

Kilichobaki kueleweka ni kwa nini watu wawili wanaokula kutoka chungu kimoja hawafikwi na jambo moja. Jibu lililo wazi kuliko yote lilitoka Shanghai, ambako wanaume 18,244 walifuatiliwa baada ya kutoa mkojo na damu. Ikilinganishwa na mtu asiye na sumu wala virusi, hatari ya saratani ya ini kwa aliyekuwa na alama za aflatoksini peke yake ilikuwa takriban mara 3.4; kwa aliyekuwa na virusi vya homa ya ini B peke yake ilikuwa mara 7.3, na kwa aliyekuwa na vyote viwili ilipanda hadi mara 59.4. Anayedhani kwamba hatari hizi hujumlishwa angetarajia kumi au kumi na moja, au ishirini na tano akizizidisha, lakini virusi na kuvu vikikutana katika ini moja hufanya zaidi ya hapo, kwa sababu virusi hulilazimisha ini kufa na kujizalisha upya bila kukoma, na kila seli inayojigawanya huku DNA yake imeshikwa na sumu hupata fursa mpya ya kunakili kosa.

Virusi hivyo hutambuliwa kwa kutafuta antijeni ya ganda lao, protini ambayo Baruch Blumberg wa Marekani aliikuta katika miaka ya 1960 ndani ya damu ya mwenyeji asilia wa Australia alipokuwa akitafuta jambo jingine kabisa, na ambayo ilimpatia Tuzo ya Nobeli mwaka 1976. Leo kipimo chake kinafanana na kile cha haraka cha virusi vya UKIMWI ambacho karibu kila mtu mzima nchini amewahi kukiona: kipande cha plastiki, tone la damu au la seramu, na mstari mmoja au miwili baada ya dakika chache. Mtu anayejitolea damu nchini Kenya hupimwa homa ya ini B kwa lazima pamoja na homa ya ini C, virusi vya UKIMWI na kaswende, na wako wanaoijua hali yao kwa njia hiyo tu. Katika orodha zinazotolewa za vipimo vya damu vya saratani, kipimo hiki kwa kawaida hakimo, kwa kuwa hakitafuti saratani. Kwa maoni ya mhadhara huu, kuachwa kwake ni kosa la kuhesabu faida: mtu wa miaka 25 anayekutwa na antijeni hiyo ana miaka mingi mbele yake ya kuchukua hatua, wakati mtu anayekutwa na protini ya uvimbe ana miezi.

Protini hiyo ya uvimbe ni alfafetoprotini, ambayo hutengenezwa kwa wingi na ini la mtoto aliye tumboni kisha hukaribia kutoweka baada ya kuzaliwa. Mwaka 1963 Garri Abelev wa Moscow aliiona katika panya wenye saratani ya ini, na mwaka uliofuata Yuri Tatarinov akaikuta katika damu ya binadamu mwenye ugonjwa huo, jambo lililomaanisha kwamba seli iliyogeuka kuwa saratani huwasha tena jeni iliyokuwa imezimwa tangu utotoni. Kiwango kinachotumiwa mara nyingi kama mpaka ni nanogramu 20 kwa mililita. Hata hivyo karibu vivimbe vinne katika kumi havipitishi protini hiyo juu ya mpaka, hasa vikiwa vidogo, na kwa upande mwingine protini hupanda kwa wajawazito na kwa watu ambao ini lao limewaka homa au limesinyaa bila saratani yoyote.

Hesabu fupi ya kubuni itaonyesha uzito wa dosari hizo. Watu 10,000 wa tarafa moja wakipimwa, na tuseme kumi tu kati yao wana saratani, kipimo kinachonasa sita katika kumi na kinachowashtua bure watu kumi katika kila mia wasio na ugonjwa kitatoa majibu chanya 1,005, ambayo sita tu ni ya kweli. Watu 999 watapanda gari kwenda Machakos au Nairobi kutafuta picha ya ini wasiyoihitaji, huku wagonjwa wanne wa kweli wakibaki nyumbani na karatasi ya kuwatuliza. Kipimo hichohicho kikitumiwa kwa watu mia tu ambao antijeni ya homa ya ini B imekwisha kuonekana kwao, na ambao saratani ni ya kawaida zaidi miongoni mwao, sura ya hesabu hubadilika, ijapokuwa mashine na kemikali ni zilezile. Ndiyo maana swali la kwanza hutakiwa kutangulia la pili.

Lakini hata kwa watu waliochaguliwa vizuri, kugundua mapema hakuokoi maisha kwenyewe, na ushahidi wake ni wa aina adimu katika tiba, kwa sababu majaribio mawili yaliyofanywa katika nchi moja yalitoa majibu tofauti. Huko Qidong, mji wa mdomo wa mto Yangtze nchini China ambako watu walikula mahindi yenye kuvu na virusi vilikuwa vimeenea, wanaume 5,581 wenye antijeni ya homa ya ini B waliingizwa kuanzia mwaka 1989 katika jaribio la kupima alfafetoprotini kila miezi sita. Saratani ziligunduliwa mapema zaidi, lakini vifo havikupungua, na waandishi walitaja sababu bila kuzunguka: tiba iliyowangoja waliogunduliwa haikuwa na nguvu. Shanghai, watu 18,816 walishirikishwa katika jaribio jingine ambamo kipimo cha damu kiliambatana na picha ya ultrasaundi kila miezi sita, na nyuma ya vyote kulikuwa na madaktari wa upasuaji wa ini. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2004 yalionyesha vifo vya saratani ya ini vikipungua kwa asilimia 37, ingawa takriban asilimia 42 ya ratiba ya vipimo haikutimizwa. Protini iliyopimwa ni moja. Kilichotofautiana ni picha, kisu na kitanda.

Kwa Afrika nje ya Misri hali iko karibu zaidi na Qidong. Watafiti waliokusanya kumbukumbu za wagonjwa 2,566 wa saratani ya ini kutoka nchi tisa za Afrika, Tanzania na Uganda zikiwemo, walitoa mwaka 2017 picha isiyopendeza: kwa nchi zilizo nje ya Misri umri wa kati wa mgonjwa ulikuwa miaka 46, na nusu ya wagonjwa hawakuishi zaidi ya miezi miwili na nusu baada ya kugunduliwa. Hospitali ya Kathiani, ambayo ni ya ngazi ya nne, haiwezi kulaumiwa kwa kutokuwa na daktari wa kukata ini, kwa kuwa mpangilio wa nchi umeiweka kazi hiyo juu zaidi. Ila kampeni yoyote ya kupima halaiki ambayo haikupanga kwanza ni nani atakayempokea mwenye majibu mabaya, wapi, na kwa gharama ya nani, inarudia Qidong huku ikijiita Shanghai.

Juu ya vipimo vingine vya protini yatosha kusema machache. Kile cha tezi dume, kiitwacho PSA, ndicho kinachotangazwa zaidi katika kambi za afya za kaunti, nacho hupanda kwa saratani na vilevile kwa uvimbe wa kawaida wa uzeeni na kwa maambukizi ya mkojo, hivyo namba moja peke yake haimhukumu mtu. CA-125 ya saratani ya ovari na CEA ya utumbo mpana hufaa kufuatilia ugonjwa uliokwisha kujulikana kuliko kuutafuta. Saratani ya umio, ambayo ni mojawapo ya zile zinazoua Wakenya wengi, na ile ya mlango wa kizazi hazina kipimo cha damu cha kutegemewa kwa ajili ya kuzigundua, na mwanamke anayeambiwa kwamba damu yake ni safi bado anahitaji kuchunguzwa mlango wa kizazi.

Matumaini mapya yako kwenye vipande vya DNA vilivyotajwa mwanzoni. Mandel na Métais wa Strasbourg waliviona katika plazima ya binadamu mwaka 1948, wakaandika kwa Kifaransa, na dunia ikawapuuza kwa muda mrefu. Ni baada ya kuthibitika kwamba baadhi ya vipande hivyo hubeba makosa yaleyale yaliyo ndani ya uvimbe ndipo wazo la kuichunguza saratani bila kukata kinyama lilipopata nguvu, na hapa sumu ya Ukambani inarudi tena katika habari. Aflatoksini huacha alama yake katika jeni iitwayo TP53, ambayo kazi yake ya kawaida ni kuizuia seli iliyoharibika isizaane: katika kodoni ya 249 ya jeni hiyo, yaani kikundi cha herufi tatu, herufi moja ya G hugeuzwa kuwa T. Mwaka 1991 makundi mawili ya watafiti, moja likifanya kazi na vivimbe vya Qidong na jingine na vya kusini mwa Afrika, yalilieleza kosa hilo katika jarida moja. Mwaka 2000 likatafutwa katika plazima nchini Gambia, likaonekana kwa wagonjwa 19 kati ya 53 wa saratani ya ini, kwa wawili kati ya 13 waliokuwa na ini lililosinyaa, na kwa watatu kati ya watu 53 wa hapohapo wasio na dalili yoyote. Hao watatu ndio wanaostahili kufikiriwa zaidi, kwa maana plazima yao ilibeba sahihi ya kuvu, na hakuna aliyeweza kuwaambia kama ilikuwa sahihi ya chakula au ya uvimbe uliokwisha kuanza.

Vipimo vya kibiashara vinavyotafuta saratani nyingi kwa mpigo husoma alama za kemikali zilizobandikwa juu ya DNA hiyo. Kinachojulikana zaidi, Galleri cha kampuni ya GRAIL ya Marekani, katika utafiti mmoja mkubwa kilinasa asilimia 16.8 tu ya saratani zilizo katika hatua ya kwanza, na asilimia 90.1 ya zile za hatua ya nne. Yaani huona vizuri zaidi pale ambapo jicho la daktari nalo linaona. Katika utafiti mwingine wa Wamarekani 6,621 wenye umri wa miaka 50 na kuendelea, kilitoa ishara kwa watu 92, na 35 kati yao ndio waliothibitika kuwa na saratani. Hizi si tarakimu za kudharau. Ila ni tarakimu za nchi ambayo kila mmoja wa wale 57 waliobaki aliweza kupigwa skani hadi shaka ikaisha.

Afrika Mashariki inaweza kufaidika na teknolojia hii kwa njia nyingine, ambayo pengine itakuwa ya maana kuliko kupima wenye afya. Denis Burkitt alieleza mwaka 1958, akiwa katika hospitali ya Mulago, uvimbe wa taya kwa watoto wa Uganda ambao sasa unaitwa kwa jina lake, na sampuli zilizosafirishwa kwa ndege kutoka Kampala hadi London ndizo zilizowawezesha Epstein, Achong na Barr kuviona mwaka 1964 virusi vya kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu, vinavyoitwa Epstein-Barr. Uvimbe huo hukua kwa kasi ya kutisha na hutibika kwa dawa ukiwahiwa, lakini mtoto aliyekatwa kinyama huweza kungoja majibu kwa wiki nyingi kwa sababu wataalamu wa kusoma vinyama ni wachache. Mradi uitwao AI-REAL, uliowaunganisha Chuo Kikuu cha Oxford, Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili cha Dar es Salaam na hospitali ya Lacor ya Gulu, umekuwa ukijaribu kutumia damu ya mtoto kutafuta DNA ya uvimbe na ya virusi kwa pamoja ili jibu lije upesi. Hapo kipimo kinamhudumia mtu ambaye tayari ni mgonjwa, na ambaye tiba yake ipo.

Swali la tatu, la ufuatiliaji, ndilo ambalo damu imelijibu kwa uhakika zaidi, na mfano wake wa kwanza una uchungu ndani yake. Mwaka 1956 daktari Min Chiu Li, katika Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani, aliwatibu kwa methotreksati wanawake wenye saratani itokanayo na kondo la nyuma, na aliendelea kuwapa dawa hata baada ya vivimbe kutoweka kwenye picha, kwa kuwa homoni ya mimba, wakati huo ikipimwa kwenye mkojo, ilikuwa haijaisha. Wakubwa wake waliona anawatesa watu waliokwisha pona, naye akaondoka. Waliotibiwa kwa njia yake ndio waliobaki hai, na leo mwanamke wa Machakos aliyesafishwa mimba zabibu hurudi kupimwa homoni hiyo katika damu kwa kanuni ileile, hadi iishe na ibaki imeisha.

Nchini Kenya mfano ulio hai zaidi ni wa saratani ya damu iitwayo lukemia sugu ya mieloidi, inayosababishwa na jeni mbili, BCR na ABL, kuungana mahali pasipostahili. Dawa ya imatinibu iliidhinishwa mwaka 2001, na kwa miaka mingi Wakenya wameipata bila malipo kupitia mpango wa msaada ulioendeshwa katika Hospitali ya Nairobi kwa ushirikiano na wakfu wa Max Foundation. Dawa hiyo ni vidonge, na mgonjwa humeza akiwa kwake huku akiendelea na shughuli za shamba. Cha kumwambia kama vinafanya kazi ni kipimo cha damu kinachohesabu mabaki ya jeni hiyo iliyoungana, na yakishuka chini ya asilimia 0.1 katika kipimo cha kimataifa daktari hutulia. Kipimo hicho huweza kufanywa kwa mashine ya GeneXpert, ileile ambayo wengi huijua kwa kupima makohozi ya kifua kikuu, kwa kubadilisha tu kikasha kinachotiwa ndani yake. Kwamba mashine iliyonunuliwa kwa ajili ya kifua kikuu inaweza kuwa jicho la mgonjwa wa saratani ni jambo ambalo wasimamizi wa bajeti za kaunti wangefaa kulitazama kwa makini kuliko matangazo ya vipimo vipya.

Kwa mkazi wa Kathiani, basi, mpangilio wa busara huanzia mbali na uvimbe. Mtu mzima apimwe antijeni ya homa ya ini B mara moja akiwa bado na afya. Asiye nayo na asiye na kinga apewe chanjo, ambayo watoto wa Kenya huipata ndani ya chanjo ya mchanganyiko wa magonjwa matano katika wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Aliye nayo afuatiliwe, na akistahili apewe tenofovia, dawa ambayo kliniki za virusi vya UKIMWI zimekuwa zikiitumia kwa miaka ndani ya vidonge vyao vya mchanganyiko, hivyo si ngeni kwa wafamasia wa hapa. Huyo ndiye pia wa kupimwa alfafetoprotini pamoja na ultrasaundi kila miezi sita. Upande wa chakula, kituo cha utafiti wa kilimo cha Katumani, kilicho mwendo mfupi kutoka mjini Machakos, kimekuwa kikishughulika na Aflasafe, bidhaa inayotawanya shambani kuvu wa jamii ileile asiyetengeneza sumu ili amzibie nafasi mwenye sumu, na akina mama wa Ukambani kwa upande wao wamekuwa na muthokoi, yaani mahindi yaliyokobolewa, kabla ya watafiti wote: kuyakoboa mahindi huondoa ganda ambamo sumu hujikusanya, na majaribio yaliyofanywa nchini yamekuta kwamba kwa wastani karibu nusu ya aflatoksini huondoka pamoja na pumba. Ila pumba hizo wakipewa kuku na ng'ombe, sehemu ya sumu hurudi mezani ndani ya maziwa.

Kama juhudi za namna hiyo hushusha kweli saratani, jibu limo katika damu ya Qidong, mji uleule ambako kipimo cha uvimbe kilishindwa. Huko seramu za wakazi zilihifadhiwa kwenye barafu tangu miaka ya 1980, wakati masoko yalipofunguliwa na familia zikaacha mahindi na kula wali. Zilipotolewa na kupimwa zote kwa mkupuo, kiwango cha kati cha aflatoksini kwenye albumini kilikuwa pikogramu 19.3 kwa miligramu mwaka 1989, kikawa 2.3 mwaka 1999, na kufikia 2009 hakikuweza hata kupimika. Vifo vya saratani ya ini kwa watu wa chini ya miaka 35 vilipungua kwa zaidi ya nusu kutoka kizazi hadi kizazi, na wote hao walikuwa wamezaliwa kabla chanjo ya homa ya ini B haijaanza kutolewa kwa kila mtoto mchanga.